Dhana potofu kuhusu kupima programu za kuagizia chakula

Mikahawa ya Mombasa, kuanzia Nyali hadi Mji wa Kale, sasa inapokea oda kwa programu za simu, na wenye mikahawa wanataka kujua kama programu hizo zinawafaa wateja. Nia hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba vipimo wanavyovitumia mara nyingi vimejengwa juu ya dhana zisizo sahihi, na anayeumia ni mteja.

Dhana: programu yenye nyota nyingi na picha za kupendeza ni programu nzuri.

Ukweli: aliyeshindwa kuagiza akaifuta programu kimya kimya hahesabiwi popote, na aliyetoa nyota mbili kwa sababu biriani ilifika imepoa hajasema lolote kuhusu vitufe. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kinachoeleza maana ya mfumo kuwa rahisi kutumika, kinauliza mambo matatu: je, mtumiaji anatimiza alichokusudia, anatumia muda na juhudi kiasi gani, na je, anaridhika? Picha nzuri inaweza kumridhisha mtu ambaye hata hivyo atalala njaa.

Dhana: inatosha kuwauliza wateja wanaionaje.

Ukweli: kwetu si adabu kumponda mtu kazi yake mbele yake, kwa hiyo utasifiwa tu. Mpe mtu kazi halisi, kisha unyamaze umtazame. Nilikaa sebuleni kwa mama mmoja wa Majengo, nikamwomba aagize biriani ya kuku ya watu wanne. Nilipomuuliza alijibu, "Nzuri sana, mwanangu," lakini kidole chake kilikuwa kimeganda juu ya kisanduku cha anwani. Programu ilidai jina la barabara na nambari ya nyumba, ilhali nyumba yake hujulikana kwa msikiti ulio mbele yake. Aliandika jina la msikiti mara tatu, na mara tatu ikamrudishia maandishi mekundu kwamba anwani si sahihi. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Labda ni mimi nisiyejua."

Hapo ndipo penye dhana inayoniuma kuliko zote, kwamba mteja akikwama, kosa ni lake. Mama yule anajua kuelekeza watu nyumbani kwake. Aliyetengeneza programu ndiye hakujua jinsi watu wa Majengo wanavyoelekezana. Tulipofika kwenye malipo aliweka nambari yake ya siri ya M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, lakini skrini iliendelea kusema malipo hayajapokelewa, na chini yake palikuwa na kitufe cha "Lipa tena". Nilimzuia akiwa karibu kukibonyeza. Kasoro inayoweza kumtoa mtu pesa mara mbili haiwezi kuandikwa kwenye ripoti kwa uzito sawa na rangi isiyopendeza.

Wengine huahirisha majaribio wakidhani lazima wapate mamia ya watu. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 jinsi matatizo yanavyogunduliwa kadiri washiriki wanavyoongezeka: ikiwa kila mshiriki anafichua takriban asilimia 31 ya matatizo, watano watafichua kama asilimia 85. Jaribu na watano, rekebisha, kisha uite watano wengine. Hesabu hiyo ni ya kutafuta kasoro kwa watumiaji wanaofanana, kwa hiyo mpishi anayepokea oda na kijana wa bodaboda anayeipeleka wanahitaji majaribio yao wenyewe.

Kuna pia hojaji ya SUS (System Usability Scale), ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, iliyotungwa na John Brooke mwaka 1986, yenye kauli 10 na alama kuanzia 0 hadi 100. Alama 70 haimaanishi kwamba asilimia 70 ya wateja wameridhika. Wastani wa mifumo iliyopimwa ni karibu 68, kwa hiyo 70 ni ya kawaida tu.

Dhana ya mwisho ni kwamba jaribio la saa nne asubuhi ofisini, kwenye intaneti ya kasi, linatosha. Katika mwezi wa Ramadhani oda hurundikana kabla ya magharibi, jiko limezidiwa, mteja anatumia bando linaloelekea kuisha, na anachotaka kujua ni kimoja: je, chakula kitafika kabla ya adhana? Jaribio lifanyike saa hiyo, kwa simu ya bei nafuu, na lisikome kwenye malipo. Saa isimamishwe sahani itakapowekwa mkekani.