Kichocho: ini huharibiwa na kinga yetu wenyewe

Huku kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, kichocho cha tumbo si habari mpya. Watu wanawajua konokono na wanavijua vidonge wanavyopewa watoto shuleni. Kisichojulikana sana ni kwamba ini linapokakamaa na bandama kuvimba, aliyefanya uharibifu mkubwa si mnyoo. Ni kinga ya mgonjwa mwenyewe, kwa amri ya protini chache zinazowasha na kuzima jeni.

Mnyoo mkubwa hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka bila fujo nyingi. Balaa ni mayai. Jike la Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku, na karibu nusu hayatoki na choo. Mengi huchukuliwa na damu na kunasa kwenye ini.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, kama 20,000 hivi za kutengeneza protini, ila nyingi huwa zimefungwa, kama mitumbwi iliyofungwa mwaloni ikingoja kuambiwa ipi itoke usiku huo. Wanaoamua ni protini tunazoziita vidhibiti vya jeni: huingia kwenye kiini cha seli, huishika DNA mahali maalumu, na jeni iliyo jirani ikaanza kusomwa au ikanyamazishwa.

Wiki za mwanzo, kabla mayai hayajatagwa, seli T nyingi, ambazo ni seli za kinga, hufuata amri ya kidhibiti kiitwacho T-bet, ambayo huwasha jeni za kupambana na vimelea vinavyojificha ndani ya seli. Mayai yakianza, kwenye wiki ya tano au ya sita, mambo hugeuka. Kemikali iitwayo IL-4 huigusa seli T kwa nje. Ndani, protini STAT6 iliyokuwa imetulia hubandikwa alama ndogo ya kemikali iitwayo fosfeti, huungana mbilimbili, huingia kwenye kiini na kuiamsha GATA3, kidhibiti kingine cha jeni. Hii nayo hutafuta kwenye DNA sehemu zenye herufi G-A-T-A, huwasha jeni za IL-4, IL-5 na IL-13, na wakati huohuo huikandamiza T-bet. IL-4 mpya inayotoka huizidishia GATA3 nguvu, hivyo seli ikishashika njia hiyo hairudi kirahisi.

IL-5 huongeza eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, ndiyo maana mara nyingi daktari huziona zimepanda kwenye kipimo cha damu cha FBP. Seli hizo na nyingine hulizunguka yai na kulizingira lisisambaze sumu. IL-13 huagiza kolajeni, protini ya nyuzinyuzi, na kolajeni ikirundikana miaka na miaka huwa kovu. Damu hukosa njia ndani ya ini, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula hujaa hadi kupasuka. Kijiji husema karogwa.

Basi si tuizime tu GATA3? Hapana. Panya wa maabara wasio na IL-4 waliugua vibaya zaidi na wengi kufa, kwa sababu hakukuwa na kinachoidhibiti sumu ya mayai. Panya wengine walipozuiwa IL-13 peke yake, makovu yalipungua. Mwili una breki yake pia, protini FOXP3, inayoongoza seli T za kutuliza. Utafiti wa seli hizo ulipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025.

Hapa niseme jambo linalonikera. Prednisoloni na deksamethasoni zinanunuliwa kiholela kwa ajili ya muwasho, pumu, hata kunenepa. Dawa hizi huingia ndani ya seli na kushikana na protini ambayo nayo ni kidhibiti cha jeni, na kunyamazisha jeni nyingi za kinga kwa pamoja. Mtu mwenye minyoo ya strongiloidi anaweza kuzidiwa nayo mpaka akafa. Bila cheti cha daktari, usizitumie. Na kama umezitumia muda mrefu, usiache ghafla bila ushauri.

Kuhusu kichocho chenyewe, vidonge vya prazikwanteli huua minyoo mikubwa lakini haviwamalizi wachanga, kwa hiyo anayeingia ziwani kila siku huhitaji kupimwa na kumeza tena. Vikisimamisha utagaji, GATA3 hukosa cha kuichochea na makovu mapya hupungua. Ya zamani huchukua muda mrefu, na mengine hubaki. Mwenye tumbo lililovimba upande wa kushoto chini ya mbavu aombe ultrasaundi ya ini na bandama. Anayetapika damu apelekwe hospitali saa hiyohiyo.