Bariamu ndiyo iliyosema

Kazi yangu ya kila siku ni kupima radiamu, elementi yenye mionzi, katika maji ya visima. Radiamu yenyewe siioni, wala sitaiona: iliyomo katika lita moja ya maji ni kidogo mno, hata mizani bora ya maabara haiihisi. Ninachofanya ni kutia majini chumvi kidogo ya bariamu, kisha asidi ya salfuriki. Mashapo meupe yanashuka polepole hadi chini ya bilauri, yale yale ambayo kila aliyesoma kemia sekondari ameyaona kwenye jaribio la salfeti, na radiamu inashuka pamoja nayo. Bariamu hapa tunaiita mbebaji.

Kwa nini radiamu iifuate? Kwa sababu ni za ukoo mmoja: zimo katika safu moja ya jedwali la elementi, bariamu namba 56 na radiamu namba 88. Mgeni mmoja akipotelea Kariakoo humpati kwa kumtafuta peke yake. Lakini wakipita watu wengi wa kwao, wanaosema lugha yake, atajiunga nao na kupanda basi lao.

Njia hii chimbuko lake ni Marie Curie. Mwaka 1898, mjini Paris, aligundua kwamba madini meusi ya pichiblendi yanatoa mionzi mingi kuliko uraniamu iliyomo ndani yake. Akakata shauri kwamba mle mna elementi nyingine isiyojulikana. Yeye na mumewe Pierre walipoyayeyusha na kuyatenganisha, sehemu moja ya mionzi ilifuata bismathi. Wakaita elementi hiyo poloniamu. Sehemu nyingine ilifuata bariamu. Hiyo ndiyo radiamu.

Tabu ilianzia hapo, maana kilichojiunga na bariamu hakikubali kuachana nayo kirahisi. Marie alitumia tofauti ndogo sana: kloridi ya radiamu huganda kuwa fuwele mapema kidogo kuliko kloridi ya bariamu. Unachemsha, unaacha ipoe, unachukua fuwele za kwanza, unaziyeyusha, unaanza upya. Alifanya hivyo katika banda linalovuja, akipika hadi kilo 20 za mabaki ya madini kwa mara moja na kuyakoroga kwa nondo. Mwaka 1902 alikuwa na desigramu moja ya kloridi ya radiamu, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, na uzito wa atomu aliopima ulikuwa 225. Leo tunasema 226. Kila nikiitazama namba ile namheshimu zaidi. (Madini yake yalitoka Joachimsthal, wakati huo chini ya Austria; katika miaka ya 1920 soko la radiamu lilihamia kwenye madini ya Shinkolobwe, Katanga, kwa wasemaji wenzetu wa Kiswahili. Hilo linastahili makala yake.)

Sasa twende Roma, 1934. Mwanafizikia Enrico Fermi anapiga uraniamu kwa nyutroni, chembe zisizo na chaji, na kupata mionzi mipya. Analinganisha kilichotokea na elementi zilizo karibu na uraniamu, akishuka hadi risasi. Hakifanani na yoyote. Anadhani amepata elementi namba 93.

Mkemia Mjerumani Ida Noddack, ambaye mwaka 1925 alikuwa mmoja wa waliogundua reniamu, aliandika kupinga. Alisema huwezi kudai kitu kipya kabla hujakilinganisha na elementi zote zinazojulikana. Huenda kiini kizito cha atomu kimevunjika vipande kadhaa vikubwa. Watu wengi humkumbuka kwa sentensi hiyo ya mwisho, kana kwamba alikuwa akitabiri. Mimi ninayeishi kwa uchambuzi naumizwa zaidi na kupuuzwa kwa ile ya kwanza, kwani haikuwa utabiri bali utaratibu wa kazi. Yeye mwenyewe hakufanya jaribio la kulithibitisha wazo lake, na dai lake la awali kuhusu elementi namba 43, ambalo halikuthibitishwa, lilikuwa limempunguzia kuaminiwa. Lakini hoja yake ilikuwa sahihi, nayo ikakaa kabatini miaka minne.

Irène Joliot-Curie, binti ya Marie, alifika karibu zaidi. Huyu alikuwa hodari wa kutenganisha kwa haraka: mwaka 1934 yeye na mumewe Frédéric walitengeneza fosforasi yenye mionzi kutoka alumini, na kuitenga kwa kemia ilipasa kufanyika kwa dakika chache tu kabla haijaisha. Mwaka 1938, yeye na Pavle Savić walipata katika uraniamu iliyopigwa nyutroni kitu chenye nusu-maisha (muda wa nusu ya atomu zake kuoza) ya saa tatu na nusu, ambacho kwa jumla kilikuwa na tabia za lanthanamu. Lanthanamu ni namba 57, jirani wa bariamu, wanagawana ukuta. Jibu lilikuwa mkononi mwake, lakini hakuna aliyethubutu kuamini kwamba kiini cha namba 92 kinaweza kukatika katikati.

Mjini Berlin, mwanafizikia Lise Meitner ndiye aliyemshawishi mkemia Otto Hahn waanze utafiti huu wa uraniamu, na Fritz Strassmann akajiunga nao. Meitner alizaliwa Vienna katika familia ya Kiyahudi. Ujerumani ilipoimeza Austria, pasipoti yake haikuwa na thamani tena. Julai 1938 alitoroka kwa treni kupitia Uholanzi, kisha akaishia Stockholm. Vuli ile Hahn na Strassmann walipata katika uraniamu iliyopigwa nyutroni kitu kinachofuata bariamu, wakakiita radiamu. Mwezi Novemba Meitner alikutana na Hahn Copenhagen, akamhimiza akipime upya kwa ukali zaidi.

Wakarudi kwenye njia ya Marie Curie, ile ya fuwele juu ya fuwele. Radiamu halisi waliyoitia kwa kulinganisha ilijitenga kama kawaida. Ile “radiamu” yao ilikataa kuachana na bariamu, kwa sababu ilikuwa bariamu yenyewe.

Hahn alimwandikia Meitner tarehe 19 Desemba akimwomba maelezo. Wakati wa Krismasi, huko Kungälv, Uswidi, Meitner alitembea katika theluji na mpwa wake Otto Frisch, wakakaa juu ya gogo, wakapiga hesabu kwenye vipande vya karatasi. Kiini cha uraniamu kikigawanyika viwili, kimojawapo kikiwa bariamu, vipande vinasukumana kwa nishati ya MeV 200 hivi (MeV ni kipimo cha nishati ya viini). Meitner alizikumbuka kanuni za kukokotoa masi za viini: masi inayopotea ni kama sehemu moja ya tano ya protoni, nayo kwa kanuni ya Einstein inatoa MeV 200 zile zile. Maelezo yao yalichapishwa tarehe 11 Februari 1939.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 alipewa Hahn peke yake. Wapo wanaosema ilikuwa haki, kwa kuwa bariamu ilipatikana Meitner akiwa hayupo. Strassmann, ambaye ndiye aliyeshika bilauri zile, aliandika baadaye kwamba Meitner ndiye aliyekuwa kiongozi wa fikra katika kikundi chao, na kwamba aliendelea kuwa mmoja wao hata alipokuwa mbali.