ACKR1 (Duffy) ni jeni ya nini hasa mwilini?

ACKR1 ni jeni ya binadamu iliyoko kwenye kromosomu namba 1. Zamani iliitwa DARC, ila watu wa benki ya damu mpaka leo wanasema tu Duffy, jina la mgonjwa wa himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) huko Uingereza ambaye aliongezewa damu mara nyingi mpaka mwili wake ukatengeneza antibodi (protini ya kinga) ambayo ilikuwa haijulikani, ikaripotiwa 1950. Na mwaka 1968 ndo ikawa jeni ya kwanza, ukitoa zile za kromosomu za jinsia, kujulikana inakaa kromosomu gani.

Sasa inafanya nini. Inatoa maelekezo ya kutengeneza riseputa, protini inayokaa juu ya seli, inapita kwenye utando mara 7 na mkia wake mmoja umetokeza nje kudaka vitu. Inachodaka ni kemokaini, vile viprotini vidogo ambavyo sehemu yenye jeraha au maambukizi inavimwaga ili chembe nyeupe zijue pa kwenda. Riseputa zingine za ukoo huu zikishika kemokaini zinapeleka taarifa ndani, seli inaamka na kuanza kazi. Hii ni kama mtu anayepokea simu, anasikiliza mpaka mwisho halafu haambii mtu yeyote humo ndani. Ndo maana wataalamu wameiweka kundi la riseputa zisizo za kawaida.

Utauliza ina faida gani basi. Inategemea ipo wapi. Kwenye seli nyekundu inazidaka kemokaini zilizoingia kwenye damu na kuzishikilia zisizagae hovyo, na zikipungua inaziachia tena kidogo kidogo. Lakini kwenye vile vivena vidogo kabisa inafanya kitu tofauti, inazichukua upande wa tishu, inazivusha ndani ya seli ya ukuta mpaka upande wa damu, zikishafika pale neutrofili (aina ya chembe nyeupe) inayopita inazikuta na inajua hapa ndo pa kutokea. Protini ileile, kazi mbili, mimi hapa ndo pananifurahisha zaidi.

Wengi wetu Afrika kusini mwa Sahara ni Duffy negativu, na watu wakisikia hivyo wanadhani hatuna kabisa hiyo protini. Sio kweli. Kilichobadilika ni herufi moja tu ya DNA, T imekuwa C, kwenye kipande kinachowasha jeni, pale inaposhika protini ya GATA-1 inayofanya kazi kwenye seli zinazozaa seli nyekundu, kwa hiyo ukirithi hiyo kopi kwa baba na mama seli nyekundu zinakosa Duffy ila kwenye mishipa bado ipo kama kawaida.

Faida inayojulikana sana ni malaria ya vivax. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake Marekani walionyesha kwamba kimelea wa vivax anaitumia Duffy kuingia kwenye seli nyekundu, asipoikuta anakwama, na ndo sababu kubwa vivax ni adimu Afrika Magharibi na ya Kati. Sio kinga ya asilimia mia, maana Madagascar na Ethiopia wamepatikana watu Duffy negativu wenye vivax. Na falciparum, kimelea mwingine wa malaria, huyu anayetusumbua sisi, wala hana habari na Duffy, kwa hiyo neti usiitoe.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni neutrofili. Duffy negativu wengi wakipimwa damu neutrofili zinasoma chini, na wala hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Inaonekana inaanzia kwenye uboho, seli changa za nyekundu zikikosa riseputa hii neutrofili zinazotengenezwa zinakuwa na tabia nyingine, zinatoka kwenye damu kwenda kwenye tishu kwa urahisi. Shida ni kwamba viwango vya maabara nyingi vimetokana na watu wa asili ya Ulaya, basi mtu mzima wa afya anaambiwa ana upungufu, mgonjwa wa saratani anapunguziwa dozi ya kemo au inaahirishwa, mwingine ananyimwa klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili. Neutrofili zina sababu nyingine nyingi za kushuka, hilo lazima daktari aliangalie, ila kama zako zimekuwa chini miaka yote na huumwi, ni haki yako kumuuliza kama kuna uwezekano wa kupimwa Duffy.