Je, wajua seva hukutambuaje bila kukuuliza nenosiri?

Kijana ninayemfundisha kazi ya seva hapa Nairobi aliniita wiki jana uso umemkunjamana. Alikuwa ameweka PostgreSQL, seva ya hifadhidata, kwenye laptopu yake ya Ubuntu (aina ya Linux), akaandika `psql -U postgres`, yaani aingie kama mtumiaji aitwaye postgres, ikamkataa papo hapo. Nenosiri halikuombwa. "Mwalimu, imejuaje kwamba mimi si postgres?" Nikamwambia aandike `sudo -u postgres psql`, inayoendesha psql kama mtumiaji postgres wa mfumo wenyewe. Akaingia, tena bila PostgreSQL kumwomba nenosiri.

Siri iko kwenye soketi za ndani, ambazo programu za mashine moja hutumia kuzungumza bila kupitia mtandao. Zilikuja na 4.2BSD, toleo la mfumo wa Unix, mwaka 1983, na anwani zake huwa ni faili, kama `/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432`.

Fikiria majengo ya Moi Avenue. Kwenye lango moja unaandika jina lako mwenyewe kitabuni. Ukiandika la jirani, nani atajua? Kwenye lango jingine askari anakishika kitambulisho chako, anaandika yeye. Soketi ya ndani ni lango hili la pili, na askari ni kerneli, kiini cha mfumo. Kila programu imepita mikononi mwake, kwa hiyo anajua inaendeshwa na nani. Seva ikiita `getsockopt` kwa chaguo la `SO_PEERCRED`, Linux huipa namba tatu: PID ya mchakato (programu inayoendeshwa) uliobisha, UID ya mtumiaji na GID ya kundi lake. Mteja hajafungua kinywa, atadanganya vipi? PostgreSQL huiita njia hii `peer`. Kwenye macOS na jamaa zake wa BSD kuna `getpeereid`, inayotoa UID na GID pekee.

Ukipitia TCP, njia ya mtandao, hata kwa 127.0.0.1 (localhost, yaani mashine yako yenyewe), soketi haikupi ushahidi huo. Ndiyo maana kijana yule angetumia `-h localhost`, angeulizwa nenosiri.

Lakini PID usiitegemee kufanya uamuzi wa usalama, na hili nalisisitiza kwa kila ninayemfundisha. Mchakato ukifa, namba yake hugawiwa mwingine. Ukienda kuchungulia `/proc`, ambako kerneli huorodhesha michakato kwa PID, kwa kuchelewa, utamkuta mgeni kabisa. Linux 6.5 ya mwaka 2023 ilileta `SO_PEERPIDFD`, inayokupa kishikio kilichofungwa kwa mchakato uleule badala ya namba tupu.

Tena, namba zote tatu huandikwa wakati wa kuunganisha, hazibadiliki baadaye. Tulilijaribu hilo kwa mistari michache ya Python: programu ikaunganisha ikiwa root, mtumiaji mkuu mwenye UID 0, kisha ikajivua mamlaka kwa `setuid(1000)`, ikawa mtumiaji wa kawaida. Seva ikauliza tena ni nani aliye upande wa pili. Kerneli ikajibu UID 0, na kijana akaitazama ile sifuri kwa muda mrefu kabla hajaanza kuandika daftarini.