Riwaya ya upelelezi ya Krismasi, enzi ya Rijensi: maana yake nini?

Jina ni refu, lakini lina mambo matatu tu: fumbo la jinai, msimu wa Krismasi, na kipindi maalumu cha historia ya Uingereza. Rijensi ni ukaimu wa mfalme. George III alipougua akili, Bunge lilimpa mwanawe mamlaka ya kutawala kwa niaba yake, tangu Februari 1811 hadi mzee alipofariki Januari 1820.

Kipindi hiki kinafaa sana kwa hadithi za mauaji, na sababu kubwa ni kwamba polisi hakuna. Jeshi la polisi la London lilianzishwa 1829. Kabla ya hapo palikuwa na walinzi wa usiku wa parokia, pamoja na wapelelezi wachache wa ofisi ya hakimu ya Bow Street. Huko mashambani hakimu alikuwa mwenye shamba kubwa, asiyelipwa mshahara. Katika riwaya huweza kuwa ndiye mwenye karamu. Kipimo cha kuaminika cha sumu ya aseniki kilikuja 1836. Basi anayefumbua fumbo hutegemea macho yake, masikio yake, na kuwajua watu.

Krismasi nayo hufunga mlango. Theluji imeziba barabara, wageni wamekwama, na muuaji yumo humo humo ndani. Tena sikukuu haikuwa ya siku moja. Shamrashamra ziliendelea hadi Januari 6, siku ya keki kubwa iliyofichwa punje ya harage: aliyeipata aliitwa mfalme wa usiku huo. Palikuwa pia na mchezo wa kuchopoa zabibu kavu kwa vidole kutoka bakuli la brandi inayowaka moto. Taa huzimwa, mwanga wa buluu unacheza nyusoni, kila mtu anatazama bakuli. Kwangu mimi, hakuna dakika nzuri kuliko hiyo ya mtu kutoweka chumbani bila kuonekana.

Msomaji makini huangalia pia vitu visivyopaswa kuwepo. Malkia Charlotte, mke wa George III, alisimamisha mti wa Krismasi kwenye makao ya kifalme ya Windsor mwaka 1800, lakini katika nyumba za kawaida desturi hiyo ilienea miaka ya 1840. Kadi za Krismasi zilianza kuuzwa 1843. Ukizikuta mezani mwaka 1815, mwandishi kateleza.

Na hofu yenyewe si ya kubuni. Usiku wa Desemba 7, 1811, muuza vitambaa wa Ratcliffe Highway, mashariki mwa London, alimtuma mtumishi wake Margaret Jewell akanunue chaza. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa. Akagonga, akasikia nyayo na kilio kidogo cha mtoto, kisha kimya. Ndani walikuwa wameuawa bwana na mkewe, kitoto chao kichanga, na kijana aliyekuwa akijifunza kazi. Siku kumi na mbili baadaye wakauawa wengine watatu katika baa ya jirani. Mshukiwa, John Williams, alikutwa amejinyonga mahabusu kabla kesi yake haijasikilizwa. Desemba 31 maiti yake ilipitishwa mitaani juu ya mkokoteni, ikazikwa njia panda, na mpaka leo watu wanabishana kama ni yeye kweli.