Mbwa kachanjwa mwaka jana, kwa nini tena mwaka huu?

Chini ya mwembe, nyuma ya skuli ya shehia moja ya Kaskazini Pemba, asubuhi ile foleni ilikuwa ya mbwa. Kila mmoja na kamba yake ya usumba shingoni, na kila kamba na mvulana aliyeishika kwa mbali, mikono imenyooka kama anayevuta jarife. Mama mmoja kaja na paka ndani ya pakacha, kalifunika kwa kanga. Juu ya meza lipo deli la barafu, na ndani yake vichupa vya chanjo ya kichaa cha mbwa. Bwana mifugo anavuta ngozi ya shingo, anapitisha sindano chini ya ngozi, mililita moja, basi. Kazi ya sekunde mbili tatu. Kumtuliza mbwa mwenyewe ndiko kulikokula dakika.

Na hilo lina sababu yake. Wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Papo hapo, mbwa wa kulinda konde, wa mifugo au wa kuwindia ameruhusiwa. Kwa hivyo mbwa wa shamba ana kazi, ana jina, ana mwenyewe, ila hajapata kushikwa na mkono wa mtu hata siku moja. Halafu ghafla anatakiwa asimame kimya adungwe. (Paka wa kwenye pakacha hana tatizo la najisi, na bado alihitaji watu wawili na kanga nzima.)

Zamu ikamfikia mzee mmoja mwenye mbwa jike wa rangi ya udongo. Kabla hajamsogeza mezani akauliza: "Dokta, huyu wangu mlimpiga sindano mwaka jana. Kwani imekwisha nguvu?"

Dokta akamtazama yule jike, akaona matiti yamelegea. "Kazaa lini, mzee wangu?"

"Ana watoto watatu, wako bandani."

"Basi jibu ni hao. Mtume mjukuu akawalete."

Swali la mzee ni la haki, na wanaoliuliza ni wengi. Jibu lake ni mawili: moja lipo ndani ya mwili wa mbwa, jengine limeenea kisiwa kizima. Nianze na la mwili.

Chanjo ya kichaa anayopigwa mbwa hapa ni ya kirusi kilichokwisha kuuliwa, hivyo haiwezi kumtia ugonjwa. Mwili hukipokea, hutengeneza kingamwili za kukikabili, na baadhi ya seli hubaki na kumbukumbu yake. Kingamwili hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Kumbukumbu hubaki, lakini ile ya sindano ya mara ya kwanza huwa nyepesi. Sindano ya pili, baada ya mwaka, ndiyo inayoitia mizizi. Baada ya hapo ziko chanjo za kichaa zilizothibitishwa kukaa mwaka mmoja na ziko za miaka mitatu. Kwa mbwa ambaye kadi yake imeliwa na mchwa, au mwenyewe hakumbuki kama alichanjwa yeye au nduguye, kila mwaka ndiyo njia salama.

Mnyama aliyechanjwa anaweza kusinzia siku moja au kuvimba kidogo pale alipodungwa. Hiyo ni kazi ya mwili, isikutishe. Ila uso ukimfura au pumzi ikimpaa muda mfupi baada ya sindano, mrudishe kwa daktari papo hapo.

Sasa watoto. Hapa ndipo watu wanaofuga mjini hulalamika: mtoto wa mbwa au wa paka hupelekwa kwa daktari mara tatu kwa sindano zilezile, na kila mara hulipiwa. Kwani ya kwanza ilikuwa maji?

Mama aliyechanjwa, au aliyeugua akapona, huwapitishia watoto kingamwili zake kwa dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Utumbo wa mtoto huzipokea zikiwa nzima kwa muda wa siku moja hivi tangu kuzaliwa, kisha mlango hufunga. Kingamwili hizo za kuazima humlinda kwa wiki kadhaa. Taabu yake ni kuwa hazitofautishi kirusi cha ugonjwa na kirusi cha chanjo. Chanjo ikiingia, huikamata kabla mwili wa mtoto haujapata nafasi ya kujifunza chochote. Umepiga sindano, umelipa, kadi imegongwa muhuri, na mtoto yuko vilevile.

Ukiamua kungoja mpaka za mama ziishe, kuna siku zimebaki chache mno kuuzuia ugonjwa lakini bado zinatosha kuiharibu chanjo. Katika upenyo huo ndimo watoto wengi wanamofia. Na upenyo wenyewe hauji siku moja kwa wote: hata katika uzao mmoja, aliyewahi titi na aliyesukumwa pembeni hawafanani. Daktari hana namna ya kuijua siku kwa kutazama. Kwa hivyo hufanya kama mvuvi asiyeona samaki, anatupa wavu na kurudia: huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, halafu kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Moja kati ya sindano hizo itamkuta yuko tayari. Ziada hutolewa tena akiwa kati ya miezi 6 na mwaka, kwa wale ambao wavu uliwapita.

Utaratibu huo hasa ni wa parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi, kwa mbwa. Parvo ilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978 tu, na haikuchukua muda ikazunguka dunia. Kirusi chake ni cha ukoo mmoja na kile kinachoua paka tangu zamani. Mtoto hutapika, huharisha damu, hukauka maji ndani ya siku chache. Kirusi hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui; klorini ya kufulia nguo nyeupe hukiua. Ndiyo maana mtu anazika mtoto wa mbwa, analeta mwengine banda lilelile, na huyo naye anamzika, kisha watu wanaanza kulitilia shaka jicho la jirani.

Distempa ni jamaa wa surua ya watoto wetu, na wa sotoka ya ng'ombe, ugonjwa uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umetoweka duniani kwa sababu ya chanjo. Mwaka 1994 distempa ilivuka kutoka kwa mbwa ikaingia Serengeti, ikaua takriban theluthi ya simba wa pale.

Homa ya mgunda, ile iliyosikika Lindi mwaka 2022, humpata mbwa pia, na hutoka kwenye mkojo wa panya na maji yaliyotuama. Chanjo yake hukaa mwaka mmoja tu, ilhali ile ya parvo na distempa kwa mbwa mkubwa aliyekamilisha hukaa miaka mitatu au zaidi. Kwa hiyo "kila mwaka" si sheria moja kwa magonjwa yote. Muulize daktari ni sindano ya nini, usione aibu.

Paka ana parvo yake, na ana virusi viwili vya mafua. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, au ukisimama kidogo Darajani penye matumbo ya samaki, utawaona watoto wa paka ambao macho yamegandana kwa tongo. Mara nyingi ni mafua hayo. Chanjo haimzuilii kabisa asiambukizwe, ila humpunguzia makali. Kichaa pia humpata, lakini huupokea kwa mbwa. Paka hawauendelezi wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu. Ukiwachanja mbwa wa mtaa umeshamlinda paka kwa sehemu kubwa, ingawa paka wa nyumbani anayelala na watoto mimi ningemchanja vilevile.

Chini ya mwembe sindano ni ya kichaa peke yake. Hizo nyengine mwenye mnyama hujilipia.

Turudi kwa mzee, maana jibu la pili ndilo dokta alilokuwa akilifikiria. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na katika kila watu 100 wanaoupata, 99 wameupata kwa mbwa. Kirusi huingia kwa mate, hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo huchukua wiki au miezi. Mwendo huo wa kobe ndio uliompa Louis Pasteur nafasi tarehe 6 Julai 1885, alipoanza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, akiwa ameshaumwa. Mpaka leo aliyeumwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishatokea, hakuna dawa.

Lakini sindano ya mtu haimzuii mbwa kumuuma mbwa mwenziwe. Mnyororo wa maambukizi hukatwa kwa mbwa. Mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza chini ya wenziwe wawili, kwa hiyo ugonjwa huu haukimbii kama surua. Hata pakiwa na chini ya nusu ya mbwa wenye kinga, hufifia wenyewe. Mbona basi Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 70? Hesabu ya dokta ni hii. Tuseme shehia ina mbwa 100, leo wamechanjwa 70. Mbwa wa shamba haishi sana: huyu kafa, yule kapotea, na majike wamezaa. Mwaka ukipita wako tena 100, lakini waliochanjwa labda wamebaki 45, na wengine 55 ni wale walioikosa sindano pamoja na watoto wasioijua. Sabini ya leo ni ya kuhakikisha mwakani, kabla timu haijarudi, idadi haijashuka chini ya kiwango cha hatari. Ni chombo kinachovuja: unafua maji si kwa sababu jana hukufua.

Pemba imeyaona haya kwa macho yake. Watafiti waliofuatilia kila mbwa aliyeuma na kusoma vinasaba vya virusi walikuta kwamba kuanzia mwaka 2010 kisiwani palikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikienda sambamba. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima mwaka hata mwaka, na kufikia Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa kiliingizwa tena kutoka nje, na si mara moja, mara mbili. Bahari haiogelewi na mbwa mgonjwa. Kuna mtu alimpakia, na pengine mbwa alikuwa mzima wa kutazama, kirusi bado kimo njiani mguuni mwake. Safari hii kikakuta kisiwa kimejaa mbwa waliozaliwa baada ya kampeni. Mlipuko ulikwisha Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa.

Mjukuu alirudi na watoto watatu ndani ya pakacha. Kwa kawaida kichaa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, lakini kwenye kampeni wadogo hawarudishwi, kwa kuwa mwakani wao ndio watakuwa mbwa wa shehia. Mdogo kabisa alilia kabla hajaguswa, alipodungwa akanyamaza. Mama yao akachanjwa wa mwisho. Dokta akaandika kadi nne, na kwenye kila moja tarehe ya mwakani. Mzee akazikunja pamoja, akazitia mfuko wa koti, kwenye stakabadhi zake za karafuu.