Ati Kenya Tulibaniwa? Yasemwayo Barazani kuhusu Msimu wa Kwanza wa BAL

Uwanja tunaochezea hapa Lamu una ringi mbili. Moja imeinama, na zote hazina nyavu. Chumvi ya bahari ilishazila. Juzi vijana walikuja na futi ya fundi na ndoo ya chokaa, wakachora upya mstari wa pointi tatu kwa kipimo cha mita 7.24. "Twataka kama wa BAL," wakaniambia. Wiki nzima mipira ikawa inafia njiani, haifiki hata kwenye ubao.

Mita 7.24 ni za NBA, ligi ya Marekani. Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, yaani BAL, hutumia mita 6.75. Karibu nusu mita ya jasho la bure! Tukafuta kwa maji na ufagio wa makuti, tukachora tena. Tulipokaa barazani kungoja chokaa ikauke, nikagundua kwamba mstari ulikuwa kosa dogo kuliko yote.

"Si ni NBA tu imefungua tawi Afrika?"

Tawi, hapana. Ligi ilitangazwa Februari 2019 kama ubia wa NBA na FIBA, shirikisho la mchezo huu duniani, na kanuni za uwanjani ni za FIBA. Robo moja ni dakika 10, si 12. Ukifikisha faulo ya tano umetoka, wakati NBA wangekuvumilia hadi ya sita. Na mpira ukishagusa ringi kwenye mtupo wa kawaida, yeyote anaruhusiwa kuupangusa, jambo ambalo kwa NBA ni kosa. Hili la mwisho limeshatugombanisha sana pale uwanjani, maana kila mmoja ana refa wake kichwani.

Tena timu zenyewe hazikuundwa na mwekezaji juzi juzi. Tazama majina ya msimu ule wa 2021: AS Douanes ya Senegal ni watu wa forodha, Ferroviário ya Maputo ni watu wa reli, AS Police ya Mali jina lajieleza, FAP ya Cameroon ni jeshi na polisi, Petro ya Luanda na GS Pétroliers ya Algeria zatokana na mafuta. Sisi wa pwani, tuliozoea kushangilia timu ya bandari ya Mombasa, hatuhitaji kufafanuliwa. Ni vilabu vya kazini vilivyokomaa katika ligi za kwao.

Wala isisemwe kwamba kabla ya hapo Afrika haikuwa na ubingwa wa vilabu. Ulikuwapo tangu miaka ya 1970, na Primeiro de Agosto ya Angola imeuchukua mara 9. BAL iliurithi.

"Kenya tulibaniwa."

Hapa ndipo sauti zilipopanda, na mimi nakaa katikati. Nafasi zilikuwa 12. Sita zilitengwa kwa mabingwa wa Angola, Misri, Morocco, Nigeria, Senegal na Tunisia, wakaingia moja kwa moja. Anayelalamikia hilo simlaumu. Kutengewa kiti kabla ya karamu ni upendeleo hata ukiwa na sababu. Lakini sita nyingine zilipatikana kwa mchujo mwishoni mwa 2019, na mlango ule haukufungiwa mtu. Walioupita ni klabu za Algeria, Cameroon, Mali, Madagascar, Msumbiji na Rwanda. Patriots ya Kigali, waliokuja kuwa wenyeji wa msimu ule, nao walipitia mchujo huo huo. Kenya, Uganda na Tanzania hatukufika. Hatukubaniwa, tulishindwa. City Oilers ya Kampala iliingia 2023, na Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kwenye ligi hiyo 2025, zote kwa mlango ule ule wa mchujo.

Wapo pia wanaosema msimu wa kwanza ulikuwa 2020. Ulipangwa uanze Dakar tarehe 13 Machi mwaka huo, na mechi zizunguke miji ya Senegal, Misri, Nigeria, Angola, Morocco na Tunisia kabla ya kumalizikia Kigali. Korona ikaingia, ukaahirishwa siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Hatimaye ulichezwa wote mahali pamoja, Kigali, kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021: mechi 26 ndani ya wiki mbili, makundi matatu ya timu nne nne, wanane wakaenda robo fainali. Kwa hiyo mtu akikwambia "ligi gani ile, kama mashindano ya likizo ya shule", ana hoja kidogo, ila lawama aitupie korona.

Mechi ya ufunguzi mimi mwenyewe niliikosa kwa ujuaji. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja. Nikakumbuka kwamba kuna tofauti, nikaizidisha mno. Nilipofungua simu, Patriots walishawalaza Rivers Hoopers ya Nigeria 83 kwa 60 na watu wanakunja jamvi.

"Ubingwa alichukua yule mwanamuziki."

J. Cole, rapa wa Marekani. Jina lake ndilo lililosafiri mpaka huku Lamu, na hata wasiojua kudunda mpira walilijua. Ukweli ni kwamba alichezea Patriots mechi 3 za makundi, akafunga pointi 5 kwa jumla, akaondoka kabla ya robo fainali. Patriots bila yeye walifika nusu fainali, wakaondolewa na US Monastir ya Tunisia, kisha wakafungwa na Petro wakamaliza nafasi ya nne. Kuna walioudhika kwamba alikalia nafasi ya kijana wa Kiafrika. Kanuni za msimu ule ziliruhusu kila timu wachezaji wasiozidi wanne wa kigeni, na kati yao wasiozidi wawili kutoka nje ya Afrika. Tisa angalau lazima wawe raia wa nchi ya klabu. Nafasi aliyokalia ilikuwa ya mgeni tangu mwanzo. Sasa kama mgeni huyo alistahili awe yeye, hapo tubishane, na mimi ningempa mchezaji mwenye njaa zaidi.

Bingwa alikuwa Zamalek ya Cairo. Fainali ilikutanisha timu mbili ambazo hazikuwa zimepoteza hata mechi moja, na Zamalek wakaifunga Monastir 76 kwa 63. Walter Hodge wao akatajwa mchezaji bora wa msimu. Monastir hawakulia sana. Mwaka uliofuata walirudi wakalibeba kombe.

Nilipofika hapo mzee mmoja, ambaye muda wote alikuwa akinywa kahawa yake kimya, akanipungia mkono.

"Ndoo hapa, mwanangu. Zamalek hii hii ya soka?"

"Naam, babu. Ni klabu moja, ina michezo mingi. Ipo tangu 1911."

Akakiweka kikombe chini, akatazama ringi iliyoinama.

"Kumbe hata kwa mikono watufunga!"